Vibao Sita vya Mvule

Amoit alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nakoroga uji. "Mama, ni mimi, Amoit wa Ekisa, wa Malaba. Mzee ametuacha jana." Nikasikia akigeuza karatasi. "Aliniambia nisisahau kukupigia. Hakusema jina. Alisema, yule wa daftari." Nilizima jiko. Uji ulikuwa umeshashika chini ya sufuria. Mimi ni mtu mzima sasa, nimefanya kazi ya kompyuta mpaka nikastaafu, nimesimama mbele ya vijana wa chuo na chaki mkononi, lakini maneno hayo matatu yalinirudisha kuwa msichana wa miaka kumi na minane anayeongea na watu akitazama vidole vyake vya miguu. Daftari lenyewe bado ninalo. Nyuma ya jalada pana jedwali la kuzidisha, na ukurasa wa kwanza una doa la mafuta ya mandazi. Chini ya doa nimeandika, kwa mwandiko wa kujipendekeza: "Malaba. Nimefika. Kelele."

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nikatoka kwetu Funyula kwenda kukaa kwa senge, dada ya baba, wakati wa kungoja matokeo, na matokeo yalipokuja, kungoja tena nafasi ya kusoma. Senge alikuwa na hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza nne, na nyuma yake chumba cha kulala tulichogawana na magunia ya mkaa. Asubuhi kulikuwa na chai na mandazi, mchana ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, na mboga ya kunde iliyotiwa karanga za kusaga, nzito mpaka kijiko kinasimama. Mabati yalikuwa yakitetemeka kila lori lilipopita, na vikombe vilivyopangwa rafuni vilikuwa vikitetemeka pia, kila kimoja na sauti yake, hata baada ya wiki mbili nikaweza kujua kwa vikombe tu kama ni lori tupu au lenye trela. Sikuongea na wateja. Niliweka sahani, nikarudi dirishani na daftari langu. Madereva wakaniita Dada Kalamu. "Dada Kalamu, umeandika mimi nimekula mandazi ngapi?" Nilikuwa nimeandika.

Dirisha hilo lilitazama geti la yadi ya mawakala wa forodha. Malori yote ya kwenda Uganda yalikuwa yakiingia humo kwanza, mizigo ikaguliwe na karatasi zitengenezwe, ndipo yatoke kwa geti hilo hilo yateremke darajani. Na kando ya dirisha, kwenye ukuta wetu wa nje, kulikuwa na misumari sita, na kwenye kila msumari kibao cha mti wa mvule, urefu wa kiganja, chenye tundu na kamba. Havikuwa na maandishi. Vyote vilifanana, vimelainishwa na mikono ya watu mpaka vikang'aa kama sabuni iliyotumika. Dereva alifika, akashusha kibao kimoja, akakitundika kwenye kioo cha lori lake, akaingia. Alipomaliza shughuli alitoka, akasimama kidogo hapo nje, akakirudisha kwenye msumari, akaenda zake. Aliyekuta misumari mitupu alizima injini, akajipanga nyuma ya wenzake barabarani, akaja kwetu kunywa chai. Kibao kikirudi, wa kwanza kwenye foleni anakichukua. Basi. Hakuna aliyeita jina la mtu. Niliangalia jambo hilo siku tatu mfululizo kabla sijathubutu kuliandika, kwa sababu sikuamini kwamba nimeliona sawasawa. Watu wa Mombasa, wa Nakuru, wa Mbale, wa Kampala, wengine hawasalimiani, wengine lugha hazikutani, na misumari sita ilikuwa imewapanga wote bila neno.

Aliyevitengeneza ni Ekisa, mlinzi wa geti, Mteso wa hapo hapo Malaba, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kofia ya kazi ya reli ambayo hakuivua hata akila. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilibanwa kati ya malori mawili zamani, wakati yadi ilipoendeshwa kwa mtu kusimama getini na kuita majina, na kila aliyesikia lake na aliyedhani amesikia lake wakaingia pamoja. Nilijua hayo kwa kusikiliza akimwambia dereva mgeni huku wakinywa chai. "Mimi nilikuwa reli kwanza," alisema. "Kule njia ni moja. Dereva wa gari la moshi hana ruhusa kwenda mpaka apewe ile pete ya chuma mkononi. Pete ni moja, kwa hivyo gari ni moja. Hakuna kugongana. Sasa hapa nikafikiria, nafasi ni sita. Basi pete sita." Dereva akamwuliza anajuaje ni nani yuko ndani. Ekisa akacheka. "Sijui. Sitaki kujua. Mimi nauliza msumari."

Neno hilo la kutotaka kujua lilinikera, mimi niliyezoea kupata alama za usafi wa kazi. Siku moja nilikuta kopo la rangi nyeupe iliyobaki baada ya senge kuandikisha jina la hoteli, nikachukua unyoya wa kuku, nikaandika namba kwenye vibao vyote, moja hadi sita, nzuri kabisa. Nilidhani namsaidia. Kufikia saa nne asubuhi foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, na vibao viwili vilikuwa vimening'inia wazi kwenye misumari. Mtu wa Mombasa alikataa kuchukua cha nne kwa sababu alisema wenye namba ndogo wanakaguliwa kwanza. Mwingine alingoja cha pili kwa kuwa ndicho alichopata juzi na mambo yakamnyookea. Dereva wa Mbale aliniambia kwa upole, "Nnyabo, dada yangu, mimi nimekuja mapema, nipatie namba moja." Ekisa alikuja, akatazama, hakukasirika. Alikaa kwenye ngazi yetu na kipande cha chupa, akakwangua namba zote, unga mweupe ukimwangukia magotini. "Unaona, Nabwire," alisema, na ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina, "kibao haijui mtu. Ikianza kujua mtu, imeanza kusumbua." Usiku huo niliandika sentensi hiyo mara tatu, nikijaribu kujua ni nini ndani yake kilichonishika.

Nilijua miaka mingi baadaye, Nairobi, kwenye darasa la kompyuta. Mwalimu alikuwa akieleza jinsi programu moja inavyoweza kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, kila kazi ikikimbia peke yake kama uzi wake, tunaziita thredi, na zote zinataka kutumia vitu vichache vilivyopo. Ukiziachia zinagongana. Ukimweka msimamizi wa kuita majina, yeye ndiye anayechelewesha. Akasema dawa yake ni kitu kinachoitwa semafo ya kuhesabu. Ni namba tu, alisema. Mnaanza na idadi ya nafasi. Thredi ikitaka kuingia inapunguza moja. Ikikuta sifuri inalala hapo hapo, haisumbui mtu. Inayotoka inaongeza moja, na moja ya zilizolala inaamshwa. Namba haiulizi thredi ni ya nani. Nilianza kucheka, mimi ambaye sikuwahi kufungua mdomo darasani, na macho yakajaa maji. Mwalimu akaniuliza kama kuna jambo. Nikasema hapana. Ningesemaje? Kwamba nimenusa dizeli na karanga za kusaga? Kwamba jambo aliloliandika ubaoni kama limetoka mbinguni kwa watu wa hesabu, mimi nimelishika kwa mkono, ni la mti wa mvule, na aliyelichonga alisoma mpaka darasa la nne? Sijapata kuizoea hali hiyo. Hata leo, nikiona programu iliyopangwa vizuri inavyotulia, thredi mia zikipita kwenye nafasi chache bila hata moja kusukumwa, napata ule mshangao wa dirishani.

Lakini semafo naifahamu zaidi kwa kosa nililofanya nayo. Yadi ile, kwa macho, ilitosha malori manane. Karani mkuu wa yadi, mtu wa kaptula na soksi ndefu nyeupe, alikuwa akija kwetu kunywa chai akilalamika juu ya hilo. "Ekisa, nafasi ya lori mbili inalala bure pale katikati." Ekisa alijibu vilevile kila mara: "Hailali, bwana. Hiyo ndiyo inafanya kazi." Alimaanisha mahali pa kugeuzia. Lori lenye trela halitoki mpaka lipate duara lake, na duara halionekani likiwa halitumiki. Karani hakulipenda jibu hilo, na siku moja aliweka kikombe chini akasema mbele ya wateja wote, "Siku yadi yangu itakwama, hata mara moja, hivyo vibao vitaingia kwa jiko ya huyu mama, na wewe utarudi kulima. Nitaweka mtu wa kuita majina." Senge akasema jiko lake lina kuni za kutosha. Watu wakacheka. Ekisa hakucheka. Nilimwona akikunja ule mkono wa vidole vitatu.

Kulikuwa na kibao cha saba. Ekisa alikichonga kwa ajili ya siku ambapo dereva angesahau na kuvuka daraja na kibao kwenye kioo chake, maana hapo nafasi moja ingekuwa imepotea ingawa iko. Kilikuwa jikoni, senge akikitumia kama kifuniko cha kopo la chumvi. Alhamisi moja mchana, mtoto wa jirani alikuja mbio kumwambia Ekisa kwamba mkewe amepelekwa kituo cha afya, mtoto anakuja. Ekisa alinitazama mimi, si senge. "Utakaa hapa na misumari," alisema. "Ukiona haina kitu, hata mimi mwenyewe nikija na lori, nikatalie." Nilitikisa kichwa kukubali. Nilijiona mkubwa kama daraja la Malaba.

Lori la vifaranga lilifika kabla ya saa saba. Lilikuwa dogo, la maboksi yenye matundu, na dereva wake, Kamau, nilikuwa nikimfahamu kwa sababu ndiye pekee aliyesema asante nikimwekea sahani. Alikuwa akipeleka vifaranga vya siku moja Tororo. Misumari ilikuwa mitupu na mbele yake kulikuwa na malori matatu. Hakupiga honi. Alikuja dirishani, akavua kofia. "Dada, hawa ni watoto. Sikia." Nikasikia. Ulikuwa mlio mmoja mwembamba usiokatika, kama mvua inayonyesha mbali. "Hii jua itawamaliza. Na gari yangu ni kadogo, hata kwa kona inaingia. Dakika kumi tu." Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kusema hapana. Nilikuwa msichana ambaye hajawahi kumkatalia mtu mzima kitu. Nilienda jikoni, nikamwaga chumvi iliyoshika chini ya kifuniko, nikampa Kamau kibao cha saba. Akainama akanishukuru kwa mikono miwili.

Wale watatu wa mbele waliona akiingia, wakaona geti liko wazi, wakadhani kuna nafasi. Waliwasha injini, wakasogea mpaka wa kwanza akaweka pua yake getini kabisa, na wa nyuma wakambana. Ndani, lori la trela lilikuwa limemaliza karatasi zake. Lilianza kuzunguka ili litoke, likakuta kale kadogo ka Kamau kamesimama mahali pa duara. Kamau akataka kurudi nyuma, geti limezibwa. Aliyeziba geti akataka kurudi nyuma, amebanwa. Trela haliwezi kutoka mpaka Kamau aondoke, Kamau haondoki mpaka geti lifunguke, na aliye getini hana kibao, anangoja kibao kilichotundikwa kwenye kioo cha trela. Kila mmoja alikuwa na haki yake na hakuna aliyeweza kusogea hata futi moja. Madereva walitoka. "Nani amekupa?" "Nimepewa." "Na wewe mbona umeziba?" "Si geti iko wazi?" Senge alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliangalia kopo la chumvi lililo wazi, akaniangalia, akarudi ndani. Mimi nilifanya nilichojua kufanya. Nilikaa chini ya dirisha nikaandika.

Ilibidi malori ya barabarani yarudishwe nyuma moja moja, mengine mpaka karibu na stesheni, na kazi hiyo ilikwenda mpaka saa kumi. Kamau alipanda juu ya maboksi na kuyapepea kwa kipande cha katoni. Nilikuwa nikiusikia ule mlio kupitia kelele zote. Ulipungua kidogo kidogo, hata nikaanza kusikia mapengo ndani yake, kisha mapengo yakawa mengi kuliko mlio. Si wote waliokufa, lakini wengi. Kama angengoja barabarani pamoja na wenzake angepata kibao cha nne kurudi, na malori yalikuwa yakitoka haraka siku hiyo. Niliwaua kwa huruma yangu, na Kamau alipotoka hatimaye alirudisha kibao mkononi mwangu, hakunilaumu, na hakusema asante.

Ekisa alirudi wakati trela linatoka. Karani alikuwa amesimama getini, soksi zimechafuka vumbi. Ekisa hakuuliza kumetokea nini. Alinisogelea akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni ngapi?" Badala ya kujibu, nilikikaza kibao kiganjani. Akatazama mkono wangu, akaona kibao chenye chumvi kwenye mifereji yake. Akageuka kwa karani. "Bwana, ni mimi. Nilihesabu vibaya asubuhi, nikatundika saba." Na angeaminika, kwa sababu vibao vyote vilifanana. Hapakuwa na kitu popote duniani cha kuonyesha ni nani alitoa kipi, isipokuwa daftari langu. Karani akasema, "Basi umejifukuza mwenyewe. Kesho kuna mtu wa majina." Nikatembea mpaka kwake mbele ya madereva wote nikamwekea daftari mikononi, likiwa wazi.

Alisoma kwa sauti. Sikutegemea hilo. "'Nimetoa kibao cha saba. Ni mimi. Si Ekisa. Dereva wa vifaranga aliniongelesha kwa upole nikashindwa kukataa.'" Akarudi nyuma ukurasa mmoja, kisha mwingine, akiendelea kusoma kwa sauti, labda alisahau kwamba watu wapo. "'Leo hakuna aliyegombana. Jana hakuna aliyegombana. Mtu wa Mbale alilala kwenye foleni, wenzake wakamwamsha zamu yake ilipofika.' 'Pale katikati ndipo mahali pa kugeuka. Kungekuwa na lori, hakuna lori lingetoka. Karani ana soksi nzuri lakini haoni kwamba...'" Hapo alimalizia kwa macho. Dereva mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Karani aliutazama uwanja wa yadi, pale katikati palipobaki alama za matairi ya trela likijaribu kugeuka na kushindwa, zimekatana kama maandishi ya mtoto. Alizitazama muda mrefu. Akafunga daftari, akanirudishia. "Ekisa," alisema, "kesho weka sita." Na kwangu: "Na wewe jifunze kukataa."

Ekisa alichukua kile cha saba, akaingia jikoni kwa senge, akakisukuma chini ya sufuria ya chai. Mvule hauwaki haraka. Tulikaa watatu tukiutazama ukifuka moshi, mpaka senge aliposema, "Na mtoto je?" Ekisa akavua kofia, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na mvi mbele. "Msichana," alisema. "Ataitwa Amoit."

Jumamosi baada ya simu ile ya Amoit nilifika kwao, nyuma kidogo ya Malaba, upande ambao mwamba wa Tororo unaonekana ng'ambo. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, madereva wazee wenye fimbo, wake zao, watu wa kanisa, wengine walivuka daraja asubuhi hiyo. Nyumba ni ndogo, na mzee alikuwa amelazwa chumba cha mbele. Nilitazamia msongamano na kilio cha kusukumana mlangoni. Hapakuwa na kusukumana. Watu walikuwa wamejipanga kwenye ua, wamenyamaza, na hakuna mwenye kipaza sauti aliyekuwa akiwapanga. Nilisogea, ndipo nikaona fremu ya mlango. Misumari sita. Anayeingia alishusha kibao, anayetoka alikirudisha.

Amoit alikuja akanishika mikono. "Chumba hakiwezi wengi," alisema, kama anayeomba radhi. Nikamwambia hakiwezi. Nilisimama nyuma ya mzee mmoja wa Mbale mwenye koti la baridi, nikangoja. Zamu yangu ilipofika mwanamke aliyekuwa akitoka alinipa kibao mkononi moja kwa moja, hakukitundika, na kilikuwa na joto lake, na juu yake joto la wengine. Kilikuwa laini kuliko nilivyokumbuka. Kwenye pembe moja, ukikigeuza kwenye mwanga, palikuwa na mstari mweupe mwembamba wa rangi ambao kipande cha chupa hakikuufikia.

Niliingia. Kofia ya reli ilikuwa kifuani pake, chini ya ule mkono. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote kutoka Nairobi, juu ya darasa lile, juu ya namba ubaoni, juu ya kazi yote niliyoifanya maishani kwa kumwiga yeye. Nilitaka kukaa. Palikuwa na kiti, na hakuna ambaye angeniambia niinuke. Lakini kibao kilikuwa mkononi mwangu, na nje kulikuwa na mtu anayekingoja. Nikamwambia, "Ni sita, mzee," nikatoka.